Bei mbili za kuhariri riwaya yangu: nimchague nani?

Swali: Shikamoo. Nimemaliza riwaya yangu ya kwanza, maneno 92,000, na nimeamua kuichapisha mwenyewe badala ya kusubiri kampuni. Nimepata watu wawili wa kuihariri. Wa kwanza ni mwalimu wa lugha aliyestaafu, anasema ataimaliza kwa siku 4. Wa pili ni mhariri wa riwaya. Anataka wiki 6, na bei yake ni mara tatu ya mwenzake. Rafiki zangu wananiambia programu za kompyuta siku hizi zinatosha. Watu watano wameshaisoma na wameipenda, ingawa wawili hawakufika mwisho. Naogopa pia kumkabidhi nisiyemjua kazi yangu yote, asije akaichukua. Je, mhariri ni lazima? Na nitajuaje kama kweli anaijua kazi?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kumaliza, maana wengi huishia sura ya tatu.

Nianze na bei, kwa kuwa ndiyo inayokutatiza zaidi. Hizo si bei mbili za kitu kimoja. Mwalimu anakuuzia usahihishaji wa lugha. Huyo wa pili, kama wiki 6 zake ni za kweli, anakuuzia kusomwa kwa kitabu kizima na mtu atakayekuambia hadithi inasimama wapi na inalegea wapi. Huwezi kuzilinganisha mpaka ujue muswada wako unaumwa nini. Na ugonjwa wenyewe umeutaja kwa kupitia tu: wawili kati ya watano hawakufika mwisho.

Hapo ndipo niliposimama nikasoma tena. Rafiki akisema "nimeipenda", mara nyingi anakupenda wewe. Akiacha kusoma, hapo ndipo anapozungumza juu ya kitabu. Kabla hujamlipa mtu yeyote, warudie hao wawili. Usiwaulize kwa nini waliacha, watakutafutia jibu la adabu. Waulize waliachia ukurasa wa ngapi. Wakikutajia kurasa zinazokaribiana, una tatizo la muundo, na hilo halitibiki kwa kurekebisha mikato na nukta.

Kazi tunayoiita kwa jina moja la uhariri ni kazi kadhaa, na mara nyingi hufanywa na watu tofauti. Ya kwanza ni uhariri wa muundo: nani anasimulia, hadithi inaanzia wapi, mhusika gani hana kazi, sura zipi zibadilishane nafasi, wapi msomaji ameambiwa jambo ambalo angepaswa kuligundua mwenyewe. Mhariri wa namna hii huenda asiguse hata herufi moja ya muswada. Anachokupa ni barua, wakati mwingine ya kurasa kumi au zaidi, pamoja na maswali pembeni mwa maandishi. Kuna toleo lake dogo na nafuu, yaani tathmini ya muswada: anausoma wote, anakuandikia barua, basi. Kisha kuna uhariri wa mtindo, unaopita sentensi kwa sentensi kuangalia mwendo, urudiaji na sauti ya msimulizi. Baada yake uhariri wa lugha: sarufi, tahajia, alama, na ulinganifu, kwamba jina la kijiji liandikwe namna moja kitabu kizima na macho ya shangazi yasibadilike rangi kati ya sura ya 2 na ya 19. Mwisho kabisa ni usomaji wa prufu, yaani kusaka makosa yaliyobaki kwenye kurasa zilizokwisha kupangwa, ambao watu wengi hudhani ndio uhariri wenyewe.

Mpangilio huo haugeuzwi. Kusahihisha lugha ya sura ambayo baadaye utaitupa ni sawa na kupaka rangi ukuta utakaobomolewa, na rangi umeilipia. Usomaji wa prufu nao hufanyika baada ya kurasa kupangwa, kwa sababu upangaji huzaa makosa yake: namba za kurasa zisizolingana na yaliyomo, kichwa cha sura kilichobaki peke yake chini ya ukurasa, aya iliyopotea wakati wa kunakili. Kwa Kiswahili kuna kero moja zaidi. Programu ya kupanga kurasa ikiachwa kwenye kanuni za Kiingereza, hukata maneno mwishoni mwa mstari inavyotaka yenyewe, ukakuta "kwam-" juu na "ba" chini, wakati silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu. Mhariri wa lugha hawezi kuliona kosa hilo, kwa sababu alipousoma muswada lilikuwa halijazaliwa.

Sasa huyu mwalimu. Namheshimu, na huenda siku moja akakufaa kama msoma prufu. Lakini kujua sarufi na kuhariri riwaya ni mambo mawili. Mwalimu amezoea kupima andiko kwa kanuni. Mhariri wa riwaya anazijua kanuni hizo hizo, ila kila mara anajiuliza: huyu anayesema hivi ni nani? Kijana wako wa stendi akisema "nishamwambia bana", atakayemrekebisha aseme "nimekwisha kumwambia" amekuulia mhusika bila kukosea sarufi hata kidogo. Mtoto wa miaka mitano akiuliza "mayai ngapi?", mwache aseme hivyo. Msimulizi wako akisema hivyo bila sababu, hapo ndipo kalamu iguse.

Siku 4 nazo zinahitaji hesabu. Katika kazi hii ukurasa wa muswada huhesabiwa kuwa maneno 250, kwa hiyo una kurasa 368. Kwa makadirio yangu, anayehariri lugha kwa makini hupita kurasa 5 hadi 10 kwa saa, kutegemea usafi wa muswada. Hiyo ni saa 37 hadi 74, na mzunguko mmoja tu, yaani kuupitia muswada mara moja. Umakini wa namna hiyo haudumu saa nane kwa siku. Ukimpa saa tano za kazi safi kila siku, unapata siku 7 kwa uchache na siku 15 kwa wingi. Mtu anayeahidi kurasa 92 kwa siku atakusomea kitabu, nakubali. Kukihariri ni jambo jingine. Hesabu hiyo hiyo mfanyie na wa pili, usimwonee mwalimu peke yake: mwulize wiki 6 zake anazigawaje, na kama ana kazi nyingine katikati. Kuwa na kazi nyingine si kosa. Kuficha ndiko kosa.

Rafiki zako wanaozisifia programu wana hoja nusu. Zitumie kabla ya mhariri, zikuondolee makosa ya vidole ili usimlipe mtu kwa kazi ya mashine. Lakini kikagua tahajia kinajua kama neno lipo katika orodha yake, hakijui kama ndilo ulilokusudia. "Mwalimu aliwaua wanafunzi wake wote kwa majina" ni sentensi ambayo kila neno lake lipo, na ile *j* iliyoanguka katika "aliwajua" imeondoka na darasa zima. Programu za akili mnemba zinaweza kukishika kituko kama hicho. Shida yake ni nyingine: huwa zinanyoosha kila kitu. Bibi na mjukuu huanza kuongea lugha moja, sentensi fupi uliyoikata makusudi hurefushwa, na mabadiliko huwa mengi kiasi kwamba unachoka kuyapima na kuanza kukubali tu. Kitabu kinatoka safi, na hujui tena kama ni chako.

Kuhusu kama mhariri ni lazima: hakuna anayekulazimisha, na hapo ndipo penye hatari ya kujichapishia. Katika kampuni, mhariri ni mtu wa kampuni. Anaweza kumwambia mwandishi kwamba kitabu hakitoki na sura hiyo ndani, na kikazuiwa kweli. Kwako wewe, mhariri ni mtu uliyemwajiri. Ukisema sura ibaki, inabaki. Kwa hiyo inakubidi uwe watu wawili: mwandishi, na mchapishaji anayemtazama mwandishi huyo kwa jicho kavu. Uchaguzi wa mhariri ni kazi ya mchapishaji. Mwandishi akiachiwa kuchagua, atamchukua anayemsifu.

Kazi hii haina leseni. Yeyote anaweza kuamka kesho akajiita mhariri, na wapo wanaofanya hivyo. Vipo vyama vya kitaaluma vyenye mafunzo, kanuni za maadili na orodha za wanachama zilizo wazi kwa umma, kama Chartered Institute of Editing and Proofreading cha Uingereza, kilichoanza mwaka 1988 kwa jina jingine, na Editorial Freelancers Association cha Marekani, ambacho huchapisha hata viwango vya malipo vinavyotozwa na wahariri. Hata kama hutaajiri mtu wa huko, maelezo yao ya nini kimo katika kila aina ya uhariri yatakusaidia kuuliza maswali sahihi. Ila njia ninayoipenda mimi ni ya kizamani: chukua riwaya tano za karibu zinazofanana na yako, ulizozisoma bila kuona mshono, kisha fungua ukurasa wa shukrani. Waandishi wengi humtaja mhariri wao pale.

Halafu jaribio. Hili usiliruke, hata kama mtu amekuja na sifa nzuri namna gani. Toa kipande cha maneno 1,000 hadi 1,500 kutoka katikati ya kitabu. Sura ya kwanza haifai kwa hili, kwa sababu umeshaipiga msasa mpaka inang'aa na haitaonyesha kitu. Chagua mahali penye mazungumzo na maelezo pamoja. Wape watu wawili au watatu kipande kile kile, na anayeomba malipo kidogo kwa jaribio mlipe, ni haki yake. Wakirudisha, usihesabu wino. Anayegeuza kila sentensi huenda anaandika kitabu chake juu ya chako. Tazama kwanza alichokiacha: je, sentensi zako nzuri zimebaki salama? Kisha tazama maswali ya pembeni. "Hapa Zuhura anajuaje kuwa barua imefika?" Swali kama hilo linaonyesha mtu anayesoma hadithi, na moja tu lina thamani kuliko mikato thelathini iliyohamishwa. Mwisho, jaribu kuieleza sababu ya kila badiliko bila kumwuliza. Ukishindwa kwa mengi, mwandikie umwulize matatu. Mhariri mzuri atajibu kwa utulivu, na huenda akakubali kwamba moja ni suala la ladha tu. Anayejibu "ndivyo inavyotakiwa" muage kwa heshima.

Jaribio hilo linapima uhariri wa mtindo na wa lugha. Haliwezi kupima uhariri wa muundo, maana muundo hauonekani katika maneno 1,500. Kwa huo, omba kuona barua ya uhariri aliyomwandikia mwandishi mwingine, kwa ruhusa ya mwandishi huyo na majina yakiwa yamefutwa. Au zungumza na mwandishi aliyefanya naye kazi. Mwulize swali moja: ni kitu gani kikubwa kilibadilika katika kitabu chako kwa sababu yake? Akikosa mfano, umeshapata jibu.

Kuhusu kuibiwa: wasiwasi huo karibu kila mwandishi wa kwanza anao, na kwa kweli wizi wa namna hiyo ni nadra. Mhariri anaishi kwa jina lake. Muswada usiojulikana wa mwandishi asiyejulikana haumfai kitu. Kisheria pia hujaachwa uchi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao nchi nyingi duniani ni wanachama wake, unatambua haki ya mwandishi tangu kazi inapokuwapo, bila sharti la kuisajili. Tunza nakala za hatua zote zenye tarehe, pamoja na barua pepe mlizoandikiana. Hatari ya siku hizi ninayoiona kubwa zaidi ni muswada kuingizwa kwenye programu ya akili mnemba bila ruhusa yako, ama kwa uvivu, ama kwa sababu mhariri amempa kazi mtu mwingine. Hilo liandikwe kwenye makubaliano waziwazi: nani ataugusa muswada, na kwa vifaa gani.

Makubaliano yenyewe hayahitaji lugha ya mahakamani. Ukurasa mmoja unatosha, mradi utaje aina ya uhariri, idadi ya maneno, mizunguko mingapi, tarehe, malipo yanagawanywaje, na nini kinatokea mmoja wenu akijitoa. Sehemu wanayoisahau wengi ni mzunguko wa pili. Ukishafanyia kazi maoni yake, je, atapitia ulichobadilisha, au hiyo ni bei mpya? Hakimiliki ibaki kwako yote. Malipo yagawe: kiasi mwanzoni, kiasi katikati, kilichobaki mwisho. Anayetaka yote kabla ya kuanza simwamini, na anayekubali kufanya yote ndipo alipwe namwonea huruma.

Ukikutana na kampuni inayokuuzia furushi zima, jalada, upangaji, uchapaji "na uhariri ndani", uliza jina la mtu atakayehariri na uombe jaribio lake. Mara nyingi huo "uhariri ndani" ni kupitisha kikagua tahajia. Na anayekuahidi kwamba kitabu kitauza sana, mwache hapo hapo, maana hakuna mhariri anayeweza kuahidi hilo.

Kama fedha ni chache, na kwa wengi wetu ni chache, usinunue kila aina. Mimi ningenunua tathmini ya muswada kwanza, nifanye marekebisho mwenyewe, kisha uhariri wa lugha. Prufu ningegawana na wasomaji wawili wenye macho makali, akiwemo yule mwalimu, kila mmoja akisoma nakala iliyochapwa karatasini. Na kabla ya yote hayo ningepunguza. Wengi hutoza kwa neno, kwa hiyo ukishuka kutoka maneno 92,000 hadi 80,000 umeshaokoa takriban asilimia 13 ya gharama, na nina shaka kubwa kwamba hayo maneno 12,000 yanakaa pale pale wasomaji wako wawili walipolala. Weka muswada kando mwezi mmoja. Kisha usome kwa sauti, wote. Ulimi unagoma mahali ambapo jicho linapita.

Barua ya mhariri ikifika, utaumia. Isome, uifunge, usijibu kwa siku mbili tatu. Ukiirudia utakuta maoni ya aina tatu: yale uliyoyajua moyoni ukatumaini hakuna atakayeona, yale mapya yanayokushangaza kwa ukweli wake, na yale usiyokubaliana nayo. Hayo ya mwisho una haki ya kuyakataa, lakini usiyafute. Mhariri anaweza kukosea dawa na bado akawa amegusa kidonda. Akisema mke amesamehe haraka mno katika sura ya 14 na kupendekeza uongeze ugomvi pale, huenda ugomvi si jawabu. Huenda hukumpa mke sababu ya kumpenda mume huko sura ya 9. Tatizo huonekana mahali pamoja na kuzaliwa pengine, na kulitafuta lilikozaliwa ni kazi yako.

Kwenye uhariri wa lugha, omba mabadiliko yote yaonekane kwenye faili, na usibonyeze kitufe cha kukubali yote kwa mpigo. Pitia moja moja, hata kama itakula wiki. Omba pia karatasi ya mtindo, yaani orodha ya maamuzi yake kuhusu majina, tahajia na namba, ili msoma prufu asije akayarudisha uliyoyaondoa. Baada ya hapo mikono mfukoni: kila sentensi mpya utakayoingiza ni sentensi ambayo haijahaririwa. Na usitegemee usafi wa asilimia 100. Tuseme muswada una makosa 2,000 na mhariri akashika 95 katika kila 100, bado umebakiwa na 100. Ndiyo maana kuna prufu.

Kwa hiyo wiki hii usimlipe yeyote kati ya hao wawili. Mshukuru mwalimu, mwambie utamrudia kurasa zikishapangwa. Huyo wa pili mwandikie hivi: "Muswada wangu una maneno 92,000. Wasomaji wawili kati ya watano waliuacha kabla ya mwisho, karibu na ukurasa fulani. Naomba bei ya tathmini ya muswada peke yake, bila uhariri wa lugha. Naomba pia kujua barua yako huwa na urefu gani, kama tunaweza kuzungumza saa moja baada ya kuisoma, na mwandishi mmoja uliyefanya naye kazi ambaye naweza kumpigia." Ile "ukurasa fulani" uijaze baada ya kuzungumza na wale wawili.